Kupe baada ya matembezi: unachokiona mwilini, chanzo chake na la kufanya

Wapanda milima, wavuvi wa mitoni, waendesha baiskeli wa njia za msituni na wanaoshinda vichakani wakiangalia ndege wote humwogopa kupe, ila mara nyingi huogopa kisichostahili. Kipande cha mdomo kilichobaki kwenye ngozi kinawanyima usingizi. Homa inayokuja siku kumi baadaye wanaimezea dawa ya maumivu, wala hawakumbuki tena kwamba waliwahi kuumwa.

Kwa hiyo kabla ya lolote, ukimtoa kupe mwilini andika tarehe, sehemu ya mwili alipokuwa, na mahali ulipopita siku hiyo. Mpige picha kwa simu, karibu kadiri kamera inavyoweza. Karibu maelezo yote yanayofuata yanategemea muda uliopita tangu aume, na kichwa cha mtu huchanganya upesi Jumamosi hii na ile iliyotangulia.

Kupe bado amenata kwenye ngozi

Hawezi kupangusika kwa mkono. Mdomo wake una vimiiba vinavyoelekea nyuma, na kupe wengi hutoa pia ute unaoganda na kuwagundisha palepale walipotoboa. Ndiyo maana anatoka kwa kuvutwa, tena kwa utaratibu.

Tumia kibano chenye ncha nyembamba. Vile vibano vya nyusi vyenye ncha pana vinambana tumbo, na tumbo ndilo usilotakiwa kulibana. Sukuma nywele pembeni, laza kibano kikaribie kabisa ngozi, kisha mshike pale mdomo unapoingia. Vuta kwenda juu taratibu bila kuzungusha. Ngozi itainuka pamoja naye na utahisi kama kwamba hatoki. Usimkwanyue kwa hasira. Shikilia kwa nguvu ileile mpaka aachie mwenyewe. Ukimtazama halafu ukaona kijipande cheupe cha ngozi mdomoni mwake, umemtoa mzima. Nawa kwa maji na sabuni, pangusa jeraha kwa spiriti, basi.

Huna kibano na uko mbali na nyumbani? Uzi mwembamba uliofungwa kitanzi chini kabisa ya mwili wake hufanya kazi. Kucha ni chaguo la mwisho, na hapo weka karatasi laini au plastiki katikati. Bado ni afadhali kuliko kumwacha anyonye mpaka jioni eti kwa sababu kibano kiko nyumbani.

Mafuta ya taa, mafuta ya mgando, rangi ya kucha, njiti ya kiberiti: mbinu hizi zina mashabiki wengi kuliko ushahidi. Zote zinangoja kupe aamue kuondoka, na wakati unangoja yeye anaendelea kutema mate ndani ya mwili wako. Kumsumbua hivyo kunaweza hata kumfanya ateme zaidi. Wanaotumia kiberiti huongeza na jeraha la moto juu yake.

Akishatoka usimpasue kwa kucha, hata kama moyo unatamani. Katika sehemu za Afrika, Balkani, Mashariki ya Kati na Asia kuna kupe wanaobeba virusi vya homa ya Crimea-Kongo, na majimaji ya kupe aliyepasuliwa ni njia mojawapo ya kuambukizwa. Mtumbukize kwenye spiriti au mfunge kabisa ndani ya utepe wa gundi.

“Kichwa kimebaki ndani!”

Kilichobaki si kichwa. Ni kipande cha mdomo. Vimelea vya magonjwa hukaa tumboni mwa kupe na kwenye tezi zake za mate, navyo vimeondoka na mwili uliouvuta. Jaribu mara moja kukinyofoa kwa kibano safi, kikikataa, kiache. Ngozi itakisukuma nje yenyewe kama inavyofanya kwa mwiba mdogo.

Madhara mengi ya hatua hii huletwa na sindano na nyembe za watu wanaochimba. Sehemu ikizidi kuwa nyekundu, ikauma, ikawa ya moto na kutoa usaha, hayo ni maambukizi ya kawaida ya jeraha. Yatibiwe kama jeraha.

Pamevimba na panawasha

Hapa ndipo tarehe uliyoandika inapoanza kulipa.

Wekundu unaotokea saa chache baada ya kuumwa, au siku mbili za mwanzo, ukiwa mdogo (chini ya sentimita 5) na unawasha, kwa kawaida ni ngozi kuyakataa mate ya kupe. Hupungua siku hadi siku. Chora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wake. Ni jambo dogo, lakini litakuondolea mabishano ya kesho asubuhi kama pameongezeka au la.

Doa la ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria wanaobebwa na kupe, lina tabia tofauti. Huanza kati ya siku ya 3 na ya 30, mara nyingi baada ya wiki moja hivi, na hutanuka polepole hadi kuwa kubwa kuliko kiganja. Mara nyingi haliumi, na kuwasha kwake ni kudogo au hakuna. Picha maarufu ni ya duara lenye pete ndani yake, na picha hiyo imepoteza watu wengi: madoa mengi ya Lyme ni mekundu sawia bila pete yoyote. Kwenye ngozi nyeusi linaweza kuonekana la zambarau au hudhurungi, kama pameviliwa damu. Na kuna wagonjwa, pengine mmoja kati ya wanne au watano, wasiopata doa kabisa au wasioliona.

Ugonjwa huu uko Amerika Kaskazini, Ulaya na sehemu za Asia. Bakteria wake waligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Willy Burgdorfer alipowakuta ndani ya matumbo ya kupe, na hapo tumboni ndipo lilipo jibu la swali ambalo kila mtu huliuliza: “Alikaa muda gani?” Bakteria hao hulazimika kutoka tumboni hadi kwenye tezi za mate kabla ya kukufikia, na safari hiyo huchukua muda. Kwa kawaida kupe aliyetolewa kabla ya saa 24 kutimia ana nafasi ndogo sana ya kuambukiza Lyme. Ndiyo sababu kujikagua kila jioni kuna thamani kuliko chupa ghali ya dawa.

Ila usiichukue kanuni ya saa 24 ukaipeleka kwenye kila ugonjwa. Virusi vya homa ya ubongo inayoenezwa na kupe, iliyopo Ulaya na Asia, viko tayari kwenye mate na vinaweza kuingia ndani ya dakika chache. Huo una chanjo, na mtu anayekwenda kupiga kambi kwenye misitu yenye ugonjwa huo anatakiwa kuiulizia mapema, kwa kuwa hutolewa kwa dozi zinazopishana.

Ukiona doa linalotanuka, nenda kwa daktari na picha zako. Usikubali kuambiwa ungoje kipimo cha damu kwanza: kingamwili huchukua wiki kadhaa kuonekana, hivyo kipimo cha mapema kinaweza kusema “hakuna” wakati ugonjwa upo. Doa lenyewe likishatambuliwa linatosha kuanza antibiotiki. Na kama kupe alikuwa amevimba kwa damu, katika eneo lenye Lyme nyingi, wahi kumwuliza daktari ndani ya saa 72. Kuna mazingira ambapo dozi moja ya antibiotiki iitwayo doksisaiklini hutolewa kama kinga.

Kidonda chenye kigaga cheusi, na mtoki

Huyu ni mgeni wa kawaida kwa waliotembea nyikani kusini mwa Jangwa la Sahara, hasa kwenye nyasi wanakolisha ng'ombe na wanyama wakubwa wa porini. Siku tano hadi kumi baada ya matembezi kunatokea homa, kichwa kinauma, misuli inauma hasa shingoni, na mahali palipoumwa pana kidonda kidogo chenye kigaga cheusi katikati. Mara nyingi vidonda ni zaidi ya kimoja. Tezi zilizo karibu zinavimba, na kwa kuwa kupe hupenda miguu, mtu anajikuta ana mtoki kinenani bila kujua umetoka wapi.

Hiyo ni homa ya kupe ya Afrika, inayoletwa na bakteria Rickettsia africae. Vidonda vingi vinaelezeka: kupe wanaoieneza ni wale wakubwa wenye mapambo mgongoni, wa jenasi Amblyomma, na hawangoji tu kwenye ncha ya jani. Wakinusa pumzi yako hushuka na kukufuata kwa miguu, kadhaa kwa mpigo. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida si wa kuua na unatibika vizuri kwa doksisaiklini.

Shida ni kwamba homa, kichwa na misuli vikitajwa bila kidonda, mhudumu yeyote atafikiria malaria kwanza, na ana haki. Kwa hiyo pima malaria. Lakini vua viatu na soksi, umwonyeshe kigaga.

Homa tu, hakuna alama

Wagonjwa wengi wa magonjwa ya kupe hawakumbuki kumwona kupe. Alikuwa mchanga, amejificha, ameshiba, ameanguka. Ukipata homa, kuumwa kichwa kikali, uchovu na maumivu ya mwili ndani ya mwezi mmoja tangu utoke porini, sema hivyo kwa daktari hata asipouliza. Sentensi moja, “nilipita kwenye nyasi ndefu wiki mbili zilizopita”, inabadilisha orodha nzima ya vipimo.

Lipo kundi lisilotaka kungojewa. Homa ya madoadoa ya Milima ya Rocky, iliyopo katika mabara ya Amerika, huweza kuua ndani ya siku chache, na dawa hufaa zaidi ikianza kabla ya siku ya tano ya ugonjwa. Vipele vyake, ambavyo mara nyingi huanzia kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, huchelewa siku mbili hadi nne baada ya homa, na wengine hawavipati. Doksisaiklini hutolewa hata kwa watoto katika hali hii. Homa pamoja na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kutokwa damu puani au kwenye fizi: hospitali, usiku uleule.

Miguu inaisha nguvu

Haitokei mara kwa mara, lakini ikitokea dawa yake unaweza kuwa nayo mkononi. Baadhi ya kupe jike hutema sumu inayolegeza misuli. Baada ya siku kadhaa akiwa amenata, mtu anaanza kuyumba, miguu inakosa nguvu, kisha udhaifu unapanda kuelekea mikononi na kifuani. Hakuna homa. Watoto ndio huathirika zaidi, na kupe mara nyingi yuko nywelini, nyuma ya sikio au kisogoni, mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Pekua kichwa kizima kwa vidole, mstari kwa mstari. Akitolewa, wengi hurudi katika hali yao ndani ya siku moja. Kupe wa pwani ya mashariki ya Australia ni tofauti: mgonjwa anaweza kuzidiwa baada ya kupe kutolewa. Kwa hiyo popote ulipo, mtoe kupe na bado umpeleke mgonjwa hospitali, kwa sababu misuli ya kupumua ikifikiwa hakuna huduma ya kwanza itakayotosha.

Nyama imeanza kukudhuru

Umekula nyama ya ng'ombe au nguruwe jioni, saa mbili hadi sita baadaye unaamka usiku umejaa vipele vya mzio, tumbo linasokota, pengine pumzi inabana. Samaki na kuku hawakudhuru. Watu huhangaika miaka wakilaumu viungo vya mchuzi. Kuumwa na kupe fulani, hasa yule wa Marekani mwenye doa jeupe mgongoni, kunaweza kuufanya mwili ujenge mzio dhidi ya sukari iitwayo alfa-gali, iliyomo katika nyama ya mamalia. Kuna kipimo cha damu cha kuithibitisha. Kuumwa tena huichochea, hivyo kwa mtu huyu kujikinga si hiari tena.

Nimejipaka dawa, bado nimeumwa

Angalia ulipaka wapi. Kupe haruki na hadondoki kutoka mitini. Hukaa kwenye majani ya chini, miguu ya mbele ameinyoosha hewani, akinusa hewa unayotoa na joto la mwili wako. Unapopita anadaka soksi au suruali, kisha anapanda. Anayemkuta shingoni hudhani ameanguka toka juu, kumbe amepanda mwili mzima. Sasa, aliyejipaka mikono na uso kama anayejikinga na mbu ameacha mlango wote wa chini wazi.

Miguu ndiyo ya kuanza nayo. Suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi, shati ndani ya suruali. Ndiyo, unaonekana kituko, vumilia. Nguo za rangi hafifu husaidia kumwona akipanda. Dawa za kufukuza wadudu, yaani DEET ya asilimia 20 hadi 30 au pikaridini ya asilimia 20, zipakwe kwenye ngozi iliyo wazi, na kama unatumia mafuta ya kukinga jua, yatangulie, dawa ifuate. Permethrini ya asilimia 0.5 ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ila ni ya nguo, viatu na mahema tu, haipakwi mwilini. Ipulize nje, acha ikauke kabisa. Ikiwa mbichi ni sumu kali kwa paka, na isifike kwenye maji yenye samaki.

Tazama pia tabia zako. Mpiga picha anayelala tumboni kwenye nyasi, mwangalia ndege anayesimama nusu saa ukingoni mwa kichaka, mtu anayekaa kupumzika juu ya gogo lenye majani makavu pembeni: hao huokota kupe wengi kuliko anayetembea katikati ya njia bila kusimama.

Nilijikagua, sikuona kitu

Ulikuwa unamtafuta kupe mkubwa. Tunutu, yaani kupe aliyebakiza hatua moja kukomaa, hafiki milimita 2. Ukimwona kwenye ngozi ni nukta nyeusi unayoweza kudhani ni tope au kidoa cha kuzaliwa. Lava, yaani kupe waliotoka tu kwenye mayai, ni wadogo zaidi, wana miguu 6 badala ya 8, na hukaa kwa mamia kwenye jani moja. Ukiwaokota mguu mzima unaonekana umepakwa vumbi linalotembea. Usihangaike na kibano hapo: bandika utepe wa gundi, bandua, rudia, kabla hawajauma.

Kagua kwa vidole zaidi ya macho. Nyuma ya magoti, kinena, kiuno chini ya mkanda, kitovu, kwapa, nyuma na ndani ya masikio, nywele. Nukta inayokwama chini ya kidole na ambayo jana haikuwepo, ichunguze. Kuoga ndani ya saa mbili baada ya kurudi husaidia, maana huwaondoa wale ambao bado wanatembea wakitafuta pa kuuma.

Nguo nimefua, kupe yu hai

Maji ya baridi hayamdhuru. Anaweza kutoka kwenye mashine ya kufulia mzima kabisa. Kinachomwua ni ukavu na joto. Ukiwa na mashine ya kukaushia, ingiza nguo kabla ya kuzifua, joto la juu, dakika 10. Ukianza na kufua, maji yawe na joto la nyuzi 54 au zaidi. Kinyume chake, nguo zikirundikwa kwenye kikapu chenye unyevu bafuni, umemtengenezea kupe nyumba.

Wameonekana nyumbani, na wengine hata hawaonekani

Kupe mmojammoja sakafuni siku moja baada ya matembezi alikuja na begi au mbwa. Wakionekana wengi, wakipanda ukuta na mapazia, huyo ni kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye tofauti na wengi anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Kupulizia sakafu bila kumtibu mbwa ni kazi bure, na kumtibu mbwa bila kushughulikia nyufa na matandiko yake ni kazi nusu. Fanya vyote wakati mmoja, na daktari wa mifugo achague dawa. Baadhi ya dawa za mbwa huua paka.

Papasi ni suala jingine kabisa. Hawa wana mwili laini, wanaishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo, kuta na vibanda vya mbao vinavyokaliwa na panya. Hutoka usiku, wanauma bila maumivu, wanamaliza kunyonya kabla ya saa moja au mbili kupita na kurudi kwenye ufa. Asubuhi hukuti kitu. Wanaweza kuvumilia njaa kwa muda mrefu sana, hivyo kibanda kilichofungwa miaka kadhaa bado kinaweza kuwa nao. Ukilala humo, sogeza kitanda mbali na ukuta, usitandike chini, tumia chandarua kilichochomekwa chini ya godoro.

Homa ya papasi hujitambulisha kwa mwendo wake: siku tatu hivi za homa kali, kisha nafuu ya kama wiki moja inayokufanya uamini umepona, kisha inarudi. Bakteria wake huonekana kwenye damu iliyopakwa kwenye kioo, kilekile kinachotumika kutafuta malaria, ila uwezekano wa kuwaona ni mkubwa wakati homa iko juu na ni mdogo ikishashuka. Nenda kupimwa ukiwa unatetemeka, si siku uliyopata nafuu, na mtajie anayepima ulilala wapi.